Tiketi Mbili za Mantare

Walisema watahesabu vichwa siku moja tu,
Alhamisi, kutoka Mantare hadi Mwanza;
visipofika mia, reli ing'olewe,
chuma kiuzwe kwa kilo.

Basi Alhamisi tulikuja.
Lushinge na gunia la choroko lisilo na mnunuzi,
kwaya ya kigango, sauti ya tatu ikikohoa,
fundi baiskeli kafunga kibanda, mikono bado ina grisi.
Nauli tunayo, safari hatuna.

Nkwimba akaomba tiketi mbili.
"Wa pili yuko wapi?" karani akauliza,
miwani ikimteleza puani.
"Katangulia. Alikuwa genge namba tisa.
Mataruma yale ya darajani aliyalaza yeye.
Kila siku mnampita juu,
hamjawahi kumhesabu."

Karani akaitazama foleni,
akaitazama njia,
akagonga mhuri mara mbili.

Mwanza tulifika saa nane,
ziwa linameremeta nyuma ya maghala ya pamba.
Tukashuka, tukanunua sato mmojammoja,
tukarudi na treni ileile.

Majibu hayajaja.

Nkwimba yuko njiani, anang'oa magugu kwa mkono,
taruma baada ya taruma,
polepole,
kama anayemnyoa mtu ndevu.