Maelezo ya Kuhamia

Tampere, Novemba. Saa tisa alasiri giza limeshatanda,
taa ya meza inamulika maandishi ya Taavetti,
aliyestaafu kabla sijajua kufunga mabano.

Nimepewa kazi ndogo: kunyoosha.
Chini ya kila kitendakazi, jina la mfumo kwa wino mzito,
toleo, nukta mbili,
kisha kasoro, kwa sentensi isiyohema.
Haipo.
Ipo, ila hukwama.
Ipo, lakini hurudisha hasi moja
pale wenzake wanaporudisha sifuri.

Taavetti hakuandika hivyo.
Aliandika kama anayemwelekeza mgeni kwa kidole:
Hapa usiiamini ikishapita saa sita usiku.
Hapa inakubali, halafu inasahau.
Hii ina kiburi. Ipe herufi nane; ya tisa itaimeza.

Nikapiga pasi. Kufikia Jumatano, maelezo thelathini na tisa
yalikuwa yamesimama mstari mmoja, mashati ya shule.
La arobaini nikalifuta:
mfumo wa kampuni iliyokufa,
jengo lake siku hizi watu hukwea kuta za plastiki kwa kamba.
Nani angali anaishi humo? Nikabonyeza.

Ijumaa ikalia simu. Valkeakoski, kiwanda cha karatasi,
mngurumo, na ndani ya mngurumo mwanamke:
Sinikka hapa, wa zamu. Aya yetu mmeipeleka wapi?
Kipima unyevu kimegoma tangu alfajiri,
nimebadilisha nyaya, nimebadilisha hata fundi.
Palikuwa na mstari mmoja kuhusu miezi.

Nikafukua nakala ya zamani, nikamsomea
kwa sauti, polepole, kama mtu asomaye wosia:
Ukihamia hapa, jua kwamba Januari ni mwezi sifuri.

Kimya. Vidole juu ya vitufe.
Halafu kitu kizito kikaanza kuzunguka,
nikasikia karatasi ikitoka, ndefu, bila kukatika.
Hakushukuru. Alisema *no niin*,
neno letu la kufungulia na kufungia kila kitu,
akakata.

Msala mpya nilioutandika ni safi, sikatai.
Lakini kuna waliolala juu ya mbachao usiku kucha
wakitengeneza karatasi ninayochapia.

Nimelirudisha la arobaini.
Jina kwa wino mzito, toleo, nukta mbili,
na baada ya nukta mbili, Taavetti mwenyewe, sijamgusa.
Kanuni yasema mstari usizidi herufi sabini na mbili.
Wake umezidi kwa tatu.
Nimeuacha utokeze.