Hati ya Mapokezi

Isyonje, saa mbili asubuhi. Ukungu umekalia mizani
kama mteja asiyenunua.
Mimi ni karani wa viazi. Kazi yangu ni kuandika kilo
na kugombana na lumbesa.

Redio ya Ambakisye, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
inasema kuna dege jipya la vita:
rada hailioni, adui halisikii.
Bei yake msomaji aliitaja mara mbili,
mara ya kwanza tulidhani amekosea.
Na kuna mheshimiwa mmoja
anauliza sisi tunangoja nini.

Nikachukua kikokotoo. Nikagawa bei ya dege
kwa bei ya gunia, viazi vyekundu, bei ya shambani.
Kikokotoo kikafikiri kidogo,
kikaandika herufi E.
"E ni ngapi?" akauliza Subilaga.
Nikamwambia E ni pale hesabu inapokimbilia kwao.

Subilaga huuza njegere. Rada haijui, anajua kupunjwa.
"Mimi swali langu moja," alisema.
"Hicho kitu hakionekani. Haya.
Siku kinaletwa, anayekipokea
anajuaje kimefika?
Anapapasa?"

Tulicheka hadi mbwa wa Ambakisye akaamka.
Maana teknolojia hiyo huku ilitufikia mapema:
mbolea ya ruzuku ya msimu ule, mifuko mia nne,
rada haikuiona, na sisi pia.
Daraja la bondeni lina jiwe la uzinduzi, lina jina, lina tarehe;
daraja lenyewe limejengwa kwa ustadi mkubwa,
tunalivuka kwa kuvua viatu.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Hawakusema kinachojificha kinauzwaje.

Ndipo Sajini Mwasomola akaweka kikombe chini.
Mguu wake wa kushoto aliuacha Kagera, mwaka wa sabini na tisa.
"Nyie," alisema, "hamjawahi kulala kwenye mtaro
ndege inakuja, na inaonekana vizuri kabisa,
jua linang'aa kwenye ubawa,
na ulichonacho ni bunduki na Baba Yetu.
Siku ile nilitamani tuwe na kitu cha angani.
Chochote.
Kwa hiyo msicheke sana."

Hatukucheka.
Subilaga akamenya ganda la njegere, akala punje mbichi.
Kisha, taratibu, kama anayetoa mwiba:
"Na huo mguu, Sajini. Uliletewa lini?"

Sajini akauangalia, kama ameonyeshwa sasa hivi.
"Huu? Huu alinichongea fundi wa Kikondo. Mkaratusi.
Ule wa serikali uko njiani.
Barua walinijibu mwaka wa themanini na mbili."

Hakuna aliyesema lile neno
ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni.

Saa nne kitu kikapita juu ya ukungu.
Pengine ndege ya abiria inatafuta pa kutua Songwe,
pengine ni lori tu, linapanda kona kwa gia ndogo;
huku mlimani sauti haina anwani.
Tukainua nyuso, tukaona maziwa matupu.
Sajini peke yake hakuinua. Alikuwa anahesabu,
midomo ikicheza, mkono umeshika goti la mti,
hadi mlio ukaisha.

Nikarudi kwenye daftari.
Magunia mia moja na kumi na nne, yamepimwa.
Chini yake, sijui kwa nini, nikaandika:
Kilichopita angani, kimoja.
Hali ya mzigo: haukuonekana.
Jina la mpokeaji:

Subilaga akachungulia begani kwangu.
Kusoma amejifunzia kwenye vipande vya magazeti
anavyofungia njegere.
Akaifuata mistari kwa kidole chenye utomvu,
akafika kwenye nafasi niliyoacha.

"Hapo," akasema, "usithubutu kusaini."