Mkutano wa Mia Moja na Nne

Kumbukumbu hizi naandika mimi, Zuwena Kapela,
nesi wa zamu ya usiku, Kitete,
katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Tupo sita. Tulikuwa kumi na wanane
mwaka tulioanza, wakati fundi Sadala
bado ana cherehani nne
na chumba chake cha nyuma, hapa Isevya, kinajaa hadi mlangoni.
Sasa viti vinatushinda.

Chama cha Wasomaji wa Nsimbila.
Nsimbila, karani wa telegramu pale stesheni,
aliyezoea kuona watu wakilipia kila neno
hata akatunga kama anayelipa mwenyewe:
maneno machache, nafasi nyingi,
mistari inayokatika kama reli ya Mpanda wakati wa masika.
Daftari moja. Mashairi thelathini na moja.
Kina hakuna. Kituo hakuna.
Ukurasa wa kumi na tisa umeliwa kona,
nasi tumebishana miaka mitatu
kama pale ni kimya chake
au ni mchwa.

Bwana Hamduni haamini lolote katika haya.
Hajakosa mkutano hata mmoja.
Huja na ubeti wake ule ule, umenyooka kama kanzu ya Idi:

Shairi lisilo vina, ni nyumba isiyo kuta
Wezi hupita mchana, na mwenyewe ataota
Hata punda hukazana, kijua anachovuta
Nsimbila alinena, nini? Bado natafuta.

Tunampigia makofi. Tunamimina chai. Tunaendelea.

Leo ni zamu ya shairi la ishirini na saba,
tulipendalo kuliko yote:

        Chumvi.
        Kamba.
                Taa.
        Wembe.

Veneranda aliwahi kuliandikia kurasa kumi na moja.
Chumvi ni jasho la wapagazi, alisema,
kamba ni reli,
taa ni uhuru, unawaka na unafuka moshi.
Kuhusu wembe hatukuelewana.
Mwalimu Nkwabi alilia, siku ile, kwa sababu ya wembe.

Na leo tuna mgeni. Nyamizi, mjukuu wake,
ameshuka na treni ya Kigoma, vumbi bado liko kwenye nyusi.
Alisikiliza mpaka mwisho.
Akanyoosha kidole kama yuko darasani.
"Hilo," akasema, "bibi alimtuma dukani."

Mguu wa Sadala ukasimama juu ya pedeli.
Veneranda akazikunja kurasa zake,
mara mbili, mara tatu, hadi zikagoma kukunjika.
Kijana Mlekwa akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Hapo ndipo nilipomtazama Bwana Hamduni.
Vidole vyake, juu ya goti, vilikuwa vinahesabu.
Chu-mvi. Ka-mba. Ta-a. We-mbe.
Akarudia kwa mkono wa pili, kama anayehakiki chenji.
"Nane," akasema.
Hakuna aliyemuuliza nane ya nini.
"Nane kamili,"
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mchana.

Kura: wawili libaki, wawili litoke.
Katibu hakupiga, alikuwa ameshika kalamu.
Bwana Hamduni naye hakupiga. Aliomba aazimwe daftari
hadi Jumamosi ijayo.
Jambo hili halijawahi kutokea.
Sadala alilifunga ndani ya kipande cha bitana, akampa kwa mikono miwili.

Mlangoni nilimuuliza Nyamizi: basi, alivinunua?
"Hata kimoja. Alipitia stesheni kwanza.
Bibi anasema usiku ule walikula mlenda usio na chumvi, gizani,
na babu anacheka tu, hasemi anachocheka."

Mkutano ulifungwa saa kumi na mbili kasorobo.
Njiani, Gongoni, nilinunua chumvi.
Nyumbani nikakuta ipo.