Vuta Pumzi, Shikilia

Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike.
Amri tatu hizi nimezitamka
mara nyingi kuliko jina la mama yangu.

Hapa Kutaisi, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha,
ukungu wa mto Rioni huingia na viatu vya wagonjwa.
Nafunga aproni ya risasi, kilo sita,
uzito ambao mgongo umeuzoea, magoti yameukataa.
Kifuani kibeji kinahesabu mionzi iliyonipata;
kila robo mwaka hupelekwa Tbilisi kikasomwe.
Cha kuhesabu mengineyo hawajatuletea.

Nilikuwa na herufi mbili za risasi, ndogo kama punje za mahindi,
za kubandika pembeni mwa picha: hii kulia, hii kushoto.
Kwa Kijojia pande zote mbili huanza na silabi moja,
basi tunaazima herufi za wageni,
asije mtu akakatwa mguu mzima.
Ya kushoto imepotea tangu Krismasi, natumia klipu ya karatasi.
Ya kulia ninayo.
Ya kulia kwenyewe, kwa machozi, haijatengenezwa.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.
Mimi sijalala, na ila nazijua.
Namjua mtoto wa Tsiala aliyemeza sarafu,
ikakaa kooni mviringo mtupu, bila nembo, bila thamani,
mama yake akacheka hadi akaketi sakafuni
na hapo sakafuni kicheko kikageuka.
Namjua yule wa mtaa wa juu, mkono na mbavu.
"Ngazi," alisema mumewe, kabla sijauliza.
Lakini mfupa hausingizii ngazi:
hapa palivunjika mwaka juzi,
hapa pakaungana kombo, pasipo mtu wa kupauguza.
Nikamwambia mume atoke. Mionzi, bwana, ni hatari.
Mlango wangu ni mzito, umejazwa risasi,
na kwa dakika nne haukupitisha sauti.
Alichoniambia mle ndani hakimo kwenye picha.

Jumanne akaja mwalimu Otar, aliyenifundisha hesabu,
kikohozi tangu mavuno ya zabibu, suruali imeshikwa na kamba.
"Natela," akasema, "bado unaogopa sehemu?"
Nikamsimamisha, kidevu juu, mabega mbele,
ubao wa mashine ukamgusa kifua, akashtuka kwa ubaridi.
Vuta pumzi, mwalimu. Shikilia.
Akashikilia, mtiifu, yeye aliyekuwa akitusimamisha sisi.

Kisha picha ikaja kwenye skrini.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga;
mwalimu alikuwa ameshavua shati.

Sheria yetu ni fupi: anayepiga picha hasomi.
Macho yangu yana miaka ishirini na mitatu kazini
na hayana ruhusa ya kusema hata "samahani".
"Umeona nini?"
"Daktari atasoma, mwalimu. Alhamisi."
Nikamsaidia kuvaa. Nikamfunga vifungo,
kimoja kimoja, hadi cha shingoni.
Sijawahi kumfunga mgonjwa kifungo.

Akanyamaza kidogo.
"Darasani," akasema, "ulipokuwa hujui, ulinitazama usoni.
Ulipokuwa unajua, ulitazama sakafu."

Sakafu yetu ni ya vigae vya kijani.
Kimoja, karibu na mlango, kina ufa wenye matawi mawili.

Akanigusa begani kwa kidole, mara moja,
kama alivyokuwa akiweka alama ya vema kwenye daftari,
akachukua kofia yake, akatoka,
akaufunga mwenyewe ule mlango mzito.

Aliyefuata alikuwa msichana aliyeteleza kwenye barafu,
kifundo cha mguu, wa kushoto, nikatafuta klipu.
"Vuta pumzi," nikamwambia.
Kifundo hakihitaji pumzi. Yeye hakujua.
Akavuta, akashikilia,
nami upande wa pili wa kioo
nikashikilia pia, kidole kikiwa juu ya kitufe,
muda mrefu kuliko inavyotakiwa.