Vipimo vya Joho

Syombua alikuja Jumamosi na shilingi mia mbili
zilizokunjwa hadi zikawa ndogo kama kidonge.
Anataka joho. La kuruka nalo.
Nikamwuliza, futi ikining'inia shingoni:
shujaa wa aina gani?
Maana wote nawajua. Ukumbi wa video uko ukuta mmoja na mimi,
na mabati hayazuii ngumi.

Kuna aliyezaliwa nazo.
Huyo alidondoka kutoka nyota nyingine, nguvu zimo damuni,
hakuomba, hakusomea, hakulipa karo.
Chupi ameivaa juu ya suruali na hakuna anayecheka.
Joho lake halina hata tone la tope,
na mimi nikianika pazia hapa Kawangware
jioni nalianua lina rangi ya barabara.

Kuna aliyenunua.
Baba alimwachia kampuni, mama akamwachia huzuni,
akachanganya vyote viwili akapata gari lenye mabawa.
Nguo zake ni chuma, fundi wake ni mtambo unaomwita bwana.
Hawezi kuwa mteja wangu; hajawahi kuomba apunguziwe.
Nampenda mara moja tu, akivua ile kofia usiku
na alama ya lastiki imebaki shavuni.

Kuna aliyepatwa.
Kadudu kalimwuma, au chupa ya maabara ilimmwagikia,
akaamka anasikia mchwa wakitafuna mbao mtaa wa pili.
Huyu namwelewa. Yalimjia tu,
kama ujauzito, kama kodi ya nyumba kupanda.
Anajishonea mwenyewe chumbani kwa sindano ya mkono
na mshono wa begani umepinda.
Niliuona, Syombua. Wengine walikuwa wanatazama mlipuko.

Halafu yule wa hasira.
Akiudhiwa anavimba mpaka mlango unamkataa.
Shati linachanika, viatu vinachanika,
suruali haichaniki.
Miaka kumi na tisa kwenye cherehani na bado najiuliza
ni nani aliyeishona ile suruali,
kwa uzi gani, kitambaa alikikata upande upi.
Labda humtaja mwishoni, kwenye yale majina yanayopanda mbio,
lakini Shikuku mwenye ukumbi huwa keshazima,
anataka watu watoke.

Syombua akasema: wote hao hawana mifuko.

Nikaweka chaki chini.
Nauli wanaiweka wapi? Ufunguo?
Nairobi hii, saa nne usiku, umefunika uso,
umesimama juu ya paa la benki,
utaulizwa kipande kabla hujaulizwa umemwokoa nani.

Usiku soko letu liliposhika moto, mwaka juzi,
nilitazama juu. Sioni haya kusema, nilitazama.
Juu palikuwa na moshi, na ndege ya abiria
ikipepesa taa yake nyekundu, inakwenda zake.
Cherehani yangu ilitolewa na Obunga wa viatu vya mitumba,
mtu ambaye hatusalimiani vizuri
kwa sababu ya mpaka wa kibanda.
Aliibeba kichwani, chuma kikimchoma masikio,
akaitua lamini, akarudi kufuata viatu vyake,
havikuwepo.
Sijui nimweke kwenye aina ipi.
Alikuwa amevaa fulana ya kampeni, ya mgombea aliyeshindwa.
Ule mpaka tunaugombania hadi leo.

Nikamkatia Syombua satini ya buluu,
bitana nikatoa kwenye pazia lililochakaa.
Ndani, upande wa kushoto, nikatia mfuko:
upana vidole vinne, kina kidole cha kati.
Unatosha ufunguo, shilingi kumi na peremende moja.
Akapanda juu ya benchi langu, akaruka,
akatua kwa magoti, vumbi likapaa badala yake.
Akaupapasa mfuko.
"Haijaanguka," akasema,
na sikujua anasema juu ya peremende au nini.