Bikoni

Mji wetu waitwa Visima Vitatu
na chenye maji ni kimoja.
Ukiuliza viwili viko wapi
kila mtu atakunyoshea kidole upande wake,
na kila upande una ukuta.

Bibi yangu Nyamvula alizaliwa mwaka wa nzige,
wala hakujali ni nzige wepi.
Pwani, alisema, haikuwa na jina wakati huo.
Ilikuwa pahala pa kufukia makumbi
hadi yaoze, yapondwe, yasokotwe kamba;
pa kusugulia masufuria kwa mchanga;
pa kwenda alfajiri na kurudi
bila kusema ulikwenda kufanya nini.
Hapakuwa na mtu aliyeketi kuitazama bahari.
"Maji yana nini cha kutazamwa?"

Siku moja akaja bwana mwenye kioo cha miguu mitatu.
Aliamkia vizuri, akanywa dafu, akalipa.
Akachimbia chuma mchangani, akakimwagia saruji,
akaandika kitu kitabuni, akenda zake.
Bibi akaona chuma ni kizuri,
akamfunga mbuzi wake pale.
Miaka minne. Hakikutikisika
hata siku mbuzi alipotaka kuzaa.
Ndivyo tulivyotia sahihi.

Baba alikata mawe machimboni,
matumbawe ya zama ambazo bahari ilikuwa juu,
akirudi jioni mweupe hadi kope.
Nguo tukizianua zilisimama zenyewe.
Saruji ile ilijenga hoteli,
na hoteli ikakalia makaburi saba
na visima viwili, au kimoja:
hapo ndipo wazee wetu hugombana.
Ukienda kumsomea babu Yasini
huna budi kuandikishwa langoni.
Bawabu ni binamu yangu Mwachiti.
Adai kitambulisho,
nami namjua alivyokojoa kitandani hadi darasa la nne.

Sisemi hatukula. Tulikula.
Ami Mwidani alijifunza Kijerumani kwa kuzungusha trei,
na hadi leo akiweweseka usiku
huomba radhi kwa Kijerumani.

Kisha mwaka wa mapanga.
Wageni wakafunga mabegi, hoteli ikafunga milango,
bwawa la kuogelea likawa kijani, vyura wakahamia.
Nasi tukaruka ukuta.
Chini kabisa, penye ufa katikati ya vigae,
mguu wangu ulihisi baridi.
Nilibeba maji yale kwa kopo la rangi hadi kwa bibi.
Akayaonja, akayatema, akayaonja tena.
"Cha Mwana Shali hiki."
Akamaliza kopo zima, na rangi yake.

Tajiri mpya aliuziba ufa.
Kwa saruji. Yamkini jiwe ni lile lile la baba.

Siku hizi nakodisha maboya, mipira ya lori,
kwenye kipande cha ufuo kilichosalia baina ya kuta mbili,
upana wake mabasi mawili na nusu yakiegeshwa.
Desemba watu wa bara huteremka na watoto wao,
wakaingia majini na viatu.
Mimi siwacheki. Wao wanaitazama bahari;
huenda wanaona kitu.

Mwaka huu bamvua la Machi limekula ngazi za hoteli
na chuma kimetoka, kimeota kutu,
namba haisomeki.
Shingoni kina mfuo wa kamba.
Nimefunga maboya yangu pale.
Vijana wa kaunti walikuja na daftari
kuniuliza nani aliyenipa ruhusa.
Nikawaambia: mbuzi.

Kisima cha tatu sikijui.
Bibi alikijua, akafa nacho.
Nilimbembeleza hadi wiki ya mwisho.
"Wewe wapenda kuandika," alinijibu,
akageukia ukutani.