Ng'onda

Miaka thelathini na minne niliandika ubaoni
"Samaki mkunje angali mbichi",
nikapiga mstari kwa rula,
nikageuka na kiboko mkononi
kuwakunja.

Sasa nina sitini na moja.
Jumanne na Ijumaa, baada ya laasiri,
nashika njia ya Muyeye na kikapu cha sokoni,
ndani yake suti nyeupe aliyonishonea fundi Kingi
kwa kitambaa cha shuka.
Aliuliza, "Mwalimu, unakwenda umra?"
Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Ukumbi wetu uko nyuma ya mashine ya kusaga mahindi.
Unga hupenya madirishani,
hutua juu ya mikeka, juu ya nyusi,
hata wenye mikanda ya kahawia
hutoka humo weupe kama mimi.
Wa umri wangu hakuna.
Mwenzangu wa safu ni Furaha, miaka tisa,
ana pengo mbele, na teke lake
linafika kidevuni kwangu.
Langu linafika gotini kwake,
siku nikiwa nimelala vizuri.

Na anayetufunza ni Nyevu.
Nyevu Ngumbao, darasa la sita, dawati la dirishani,
mwaka wa kile kiangazi,
aliyechelewa siku tatu mfululizo
kwa foleni ya maji, kama alivyosema,
na mimi sikutaka kusikia habari za maji.
Viboko sita, kiganja wazi.
Hakulia. Ndiyo maana nikaongeza viwili.

Sijui kama anakumbuka.
Mimi nakumbuka idadi.

Siku ya kwanza alisema, "Karibu, Mwalimu. Vua viatu."
Nikavua. Akasema tuiname.
Shingo ikagoma. Nikamwambia
mimi huinama mara tano kwa siku, yanitosha.
Hakubishana. Akanionyesha ukuta:
"Basi simama pale, utazame."
Nikasimama wiki mbili
kama mtoto aliyesahau daftari.

Wiki ya tatu nikateremsha kichwa kidogo,
tuseme kama mtu atazamaye kifungo cha shati.
Akasema, "Inatosha."

Tukaanza na kuanguka.
Kabla ya ngumi, kabla ya teke, kuanguka:
kidevu kifuani, mkono upige mkeka,
usishindane na sakafu.
Nilianguka kama gunia, kama kabati,
kama mlango uliong'oka bawaba.
Usiku Mwanasiti, akinisugua mgongo kwa mafuta ya karafuu,
alicheka mpaka chupa ikamponyoka.
"Mstaafu mzima! Kakupiga nani?"
"Sakafu."
"Ilikuwa inakudai," akasema,
na sikumwuliza deni gani.

Jana ilikuwa zamu ya ngumi.
Nyevu alinipitia, akanishika mkono wa kulia,
huu huu,
akaufungua, kidole baada ya kidole,
kama akaguaye kucha asubuhi ya Jumatatu.
"Gumba likae nje, Mwalimu.
Ukilificha ndani utajivunja mwenyewe."
Kiganja changu kikabaki kinatazama juu,
wazi, chini ya macho yake.
Nikangoja.
Mashine nje ikanyamaza, labda umeme ulikatika.
Nikahesabu mpaka nane.

Akaufunga tena mkono, taratibu,
akanisogeza kiwiko ubavuni,
akaenda kwa Furaha.

Mtaani wananiuliza nitafika mkanda gani kwa magoti haya.
Nawajibu nini?
Mwanasiti humchukua ng'onda, mkavu kama kigae,
humloweka usiku kucha,
na asubuhi humkunja akaenea chunguni
bila kukatika mfupa.
Hilo sikuliandika ubaoni hata siku moja.

Mwisho wa kipindi tulipanga safu.
Wote walikwishainua vichwa,
unga unawadondoka masikioni,
na Furaha akanivuta mkanda, ananong'ona,
"Babu, imekwisha! Babu!"

Mimi nilikuwa bado chini.